Ukoo wa Kuazima

Mundaka, Hispania, 6 Februari 2011

Kaka Gervais,

Nakusalimu kutoka kwenye mvua ya huku, isiyo na adabu, inayonyesha kwa ubavu hadi mwavuli unakuwa mzigo tu. Mimi ni mzima isipokuwa magoti. Bibi Edurne ninayemtunza amegoma kufa. Ana miaka tisini na moja, na kila asubuhi maziwa yakichelewa ananitukana kwa Kibaski, halafu kwa Kihispania ili niwe na hakika kwamba nimetukanwa. Nisalimie mchungaji Firmin, na Mama Clémentine pale mjini anapouza vitenge. Nisalimie na binti yangu Ariane uliyenilelea tangu nilipokuja huku, ambaye nasikia ndiye anayeshona siku hizi kila nguo inayotoka dukani kwako ikiwa imenyooka.

Ulinikatia simu siku ya Krismasi, na mimi si mtu wa kupiga mara mbili. Ndiyo maana naandika. Barua ina faida yake, huwezi kuikata katikati.

Ariane ameniambia habari zote za Didier, mtoto wa kulea wa Clémentine. Kijana ni mlinzi huko Midrand, juzi wamempandisha cheo awasimamie wenzake, halewi, na anampenda mwanangu. Ninachotaka mimi ni kimoja tu: Ariane aposwe mbele ya watu, aolewe kwa heshima, asiondoke na begi alfajiri kama nilivyoondoka mimi mama yake. Nawe unasema hapana, eti kijana hana ukoo.

Kaka, wewe ndiye wa kusema hivyo? Nusu ya ndoa za Warundi wa Troyeville zimesimama juu ya mdomo wako. Kila bwana harusi ambaye wazee wake walifia vitani anakuja kukuazima uwe baba yake mkubwa. Unavaa ile suti ya kijivu, unakaa upande wake kwenye posa, na wakwe wakiuliza kijana katoka wapi unawatajia mababu ambao mwenyewe hajawahi kuwasikia. Yule kinyozi wa Rumonge ulimpa babu aliyempigia ngoma mwami, mfalme wetu wa zamani. Yule mwingine, ambaye ulisema mwenyewe ana sura ya mwizi, ulimpa shamba la kahawa na ng'ombe wenye majina. Didier amekukosea nini?

Nakaa na watu wanaonifundisha mambo. Bibi Edurne anasema Wabaski hawakutoka popote, wao ndio waliokuwapo wengine walipokuja. Siku akiwa na furaha anasema waliletwa na Tubali mjukuu wa Nuhu, na lugha yao ni ya kabla ya Babeli, ndiyo maana shetani alikaa nyuma ya mlango wao miaka saba akijifunza na akaondoka na maneno mawili. Wana pia babu mkuu anayeitwa Aitor, mwenye wana saba. Mjukuu wa bibi, ambaye ni mwalimu, alimwambia mbele yangu kwamba huyo Aitor alitungwa na mwandishi wa magazeti, hajafikisha hata miaka mia mbili. Bibi akamrushia kandambili. Akasema, "Aliyemtunga amekufa. Aitor yupo."

Lifikirie hilo ukiwa umetulia.

Mdogo wako,
Vestine

Troyeville, Johannesburg, 19 Machi 2011

Mdogo wangu Vestine, mzungu wetu,

Barua yako ilikaa posta muda mrefu, nadhani walikuwa wakiisoma wacheke. Sisi tupo. Mwenye nyumba ametuongezea kero na kutupunguzia maji. Mchungaji Firmin amepata ghorofa nzima kwa ajili ya kanisa, kwenye jengo la zamani la ofisi karibu na rank, kituo cha teksi. Lifti imekufa, lakini waumini wanapanda ngazi wakiimba. Clémentine anazidi kunenepa. Ariane mzima, anafanya kazi, anaipenda kazi. Sindano za siku hizi Wachina wanazitoboa tundu dogo kwa makusudi, kwa hiyo kutia uzi namwachia yeye, apate mazoezi.

Sasa la maana. Nashukuru kwa habari za wenyeji wako. Watu wenye nyumba za mawe wanaweza kujitungia babu, kwao ni burudani. Mimi niliowapa mababu ni watu ninaowajua walikotoka. Babu wa yule kinyozi hakupiga ngoma, lakini alikuwapo, tulimzika. Nilichofanya ni kumvalisha vizuri. Huyu Didier wako hana hata maiti ya kuivalisha. Clémentine alimwokota kwenye mto Ruzizi, upande wa Kongo, mwaka wa 1993, kitoto cha miaka minne hivi. Hajui jina la baba, hajui kilima alichozaliwa. Anajua anaitwa Didier, na hilo nalo huenda alilisikia likiitiwa mtoto mwingine.

Mwaka ule, mdogo wangu, kulikuwa na watu wanaokimbia na watu wanaokimbiza, na wiki iliyofuata walibadilishana. Baba yake alikuwa kundi gani wiki ile tuliyompoteza baba yetu? Unaweza kuniambia? Basi.

Jumapili iliyopita alikuja mwenyewe dukani, kanyoa, kashika kofia ya kazi mkononi. Akasema, "Mjomba, eish, mimi siombi babu mkubwa. Nipe hata babu mdogo tu, fundi baiskeli." Nikamjibu kwamba babu si kiraka. Ariane akacheka, akaona uso wangu, akainamia cherehani.

Unauliza mengi kuliko unayojibu. Unarudi lini? Ulisema miaka miwili. Mtoto uliyemwacha na sare ya shule leo anaposwa, nawe bado unaosha miguu ya bibi wa watu.

Kaka yako,
Gervais

Mundaka, 10 Aprili 2011

Kaka,

Salamu kwa wote wa nyumba na wa kanisa. Bibi Edurne alianguka bafuni lakini hakuvunjika kitu, ila beseni. Pasaka inakaribia na hapa wanapaka milango rangi. Mwandiko wako umekuwa mkubwa. Neno "Ruzizi" peke yake limechukua nusu ya mstari. Umekwenda kwa daktari wa macho?

Umeniuliza kuhusu kurudi. Huku mvua imepungua kidogo.

Baba yetu hakuuawa na kitoto cha miaka minne, na wewe unalijua hilo. Unajua pia kwamba wapo uliowasemea ambao baba zao tunawajua kabisa walikuwa kundi gani, na hukukohoa hata kidogo. Nitakuambia ninachokiona kutoka huku mbali, maana mbali mtu anaona vizuri. Ariane akiolewa, atahamia Midrand karibu na kazi ya mumewe, na wewe hutakuwa na wa kukutilia uzi. Ndicho hicho tu. Ukoo ni kisingizio.

Nisikilize basi, nikusimulie jambo ambalo bibi amenisimulia jana akila supu yake. Bwana wa kwanza wa nchi hii, anayehesabiwa kabla ya wengine wote, alizaliwa hapahapa Mundaka. Mama yake alikuwa binti wa mfalme wa Uskoti, akafukuzwa na baba yake kwa kosa lisilotajwa, akapakiwa kwenye jahazi, mawimbi yakamtupa hapa. Siku moja akiwa amelala alijiwa na nyoka anayekaa chini ya ardhi, Sugaar wanavyomwita. Akazaa mtoto mweupe kupita kiasi, nywele nyeupe, na wakamwita Bwana Mweupe. Vita vilipokuja wakamtaka awaongoze, akashinda, wakamfanya mkuu wao. Nikamuuliza bibi, hakuna aliyeuliza kuhusu baba? Akanitazama kama mjinga. Akasema, "Waliuliza. Ndiyo maana tukawajibu nyoka."

Unaona, Gervais? Msichana alifika bila mume na mtoto bila baba, na watu hawa badala ya kumnyooshea kidole wakampa jibu kubwa kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuuliza tena. Na mpaka leo kila mtu hapa, hata muuza samaki, anajihesabu wa ukoo bora kwa ajili hiyo. Nawe unashindwa kumpa Didier fundi baiskeli mmoja.

Mwachie Jean-Claude fundi viatu awe msemaji wa upande wetu, wewe kaa upande wa kijana. Mtungie unachotaka. Hata hii ya bibi itumie ukipenda. Nakuomba, kaka. Sijawahi kukuomba kitu kwa magoti, na sasa ndiyo hayo yanayouma.

Vestine

Troyeville, 2 Julai 2011

Mdogo wangu mpenzi,

Baridi ya Johannesburg imetubana, tunalala na soksi. Barua yako ilifika mwezi uliopita, ile ya Pasaka, karibu inikute kwenye Pasaka ya mwakani. Clémentine alikuwa na kifua lakini amepona. Jean-Claude anakusalimu, bado anashona viatu na bado anapenda kusikika.

Nimeisoma mara nyingi hadithi ya nyoka. Mwanzo nilikasirika, nikaiweka, nikairudia. Una haki. Mimi nimekuwa mgumu kwa kijana huyu, na watu wameanza kuuliza kwa nini mjomba anayewasemea wote anamnyima mtoto wa dada yake. Basi nitakaa upande wa Didier. Nimemwambia mwenyewe, alinishika mikono yote miwili. Ariane aliniletea chai bila kuitwa.

Nitaitumia hadithi yako jinsi ilivyo. Kwa watu wa kawaida naazima kwenye kichwa changu, lakini huyu ni mkwe wetu, anastahili kitu kutoka Ulaya. Wakioana wataenda Midrand, sawa. Mji ni mkubwa, nitapata mtu wa kunitilia uzi.

Posa ni Jumamosi ya pili ya Septemba. Omba Mungu.

Kaka yako akupendaye,
Gervais

Mundaka, 24 Julai 2011

Kaka yangu,

Leo salamu ni nyingi mpaka sijui nianzie kwa nani. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa, nikaisoma tena. Nisamehe yote niliyokuandikia kuhusu sindano. Mtu akiwa mbali anawaza vibaya.

Bibi Edurne amenipa shela ya lesi aliyoolewa nayo yeye, imegeuka rangi kidogo lakini haina tundu. Naituma kwa Ariane. Nilimwambia bibi kwamba hadithi yake itasemwa Afrika Kusini kwenye posa ya mwanangu. Akasema msiiharibu.

Mungu akubariki kwa hili, Gervais. Nasema kwa moyo wangu wote.

Vestine

Troyeville, 18 Septemba 2011

Mdogo wangu,

Tu wazima. Joto limeanza kurudi. Shela ya bibi ilifika salama, ni kazi nzuri, upindo wake sijaona mfano. Ariane hajambo, alirudi kwenye cherehani Jumatatu.

Nakueleza posa kama ilivyokuwa, maana wengine watakusimulia kwa chumvi nyingi. Ukumbi wa kanisa ulijaa, viti vya plastiki, Fanta, wali. Jean-Claude alisimama upande wa Ariane, mimi nilikaa na Didier na Clémentine. Kijana alivaa koti lililotoka dukani kwangu na kwa kweli alipendeza. Tukataniana kama desturi, wakasema tumepotea njia, tukasema tumeona moshi wa jiko lao tukafuata. Kisha Jean-Claude akakohoa akauliza, "Kijana tumemwona. Mrefu, ana kazi. Sasa mtuambie katoka kwa nani, na waliomzaa walitoka wapi, tusije tukampa binti yetu upepo."

Nikasimama. Nikaanza na Nuhu, wakasema amina. Nikawapitisha kwa Tubali na lugha isiyoguswa na Babeli, mchungaji Firmin akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikamleta binti wa mfalme aliyefukuzwa na baba yake, peke yake baharini, na kina mama wakaanza kutafuta leso. Nikasema akatua, akalala, akajiwa na nyoka akaaye chini ya ardhi. Kwa nyoka huyo, nikasema, ndiko ulikotoka ukoo, ukatawanyika, tawi moja likafika hadi Ruzizi, na ndilo hili mliloketi nalo.

Mchungaji alikuwa na chupa mdomoni. Akaishusha.

"Mzee Gervais, umesema nyoka?"

"Nimesema nyoka."

"Nyoka wa mfano?"

"Mchungaji, nimeulizwa kijana katoka wapi, nimejibu."

Mke wa mchungaji ni Mxhosa, akaomba atafsiriwe. Unajua wenyeji wa hapa wanavyomjua nyoka yule wa mtoni, anayemtajirisha mtu kisha akadai damu ya watu wa nyumbani. Au kukaa na Wabaski kumekusahaulisha? Alichukua mkoba wake akasimama. Nyuma mtu akasema, "Ndiyo maana amenunua gari." Kweli kijana alikuwa amenunua kigari chekundu mwezi wa sita. Mwingine akasema, "Na cheo. Ameingia kazini juzi, kawapita wote waliomtangulia." Labda ningeweza kusema kitu hapo, lakini Clémentine akaruka. "Waongo ninyi. Mtoto huyu nilimtoa mtoni kwa mikono yangu hii, puani matope. Nyoka gani?" Ndipo alipomaliza kazi. Hakuna aliyesikia kingine ila mtoni.

Walimtaka apige magoti aombewe. Vijana wa kanisa walimshika mabega wakamshusha, mmoja akampiga kofi kwa jina la Yesu, kisha la pili. Alijitoa akasimama. Mdomo ulikuwa unavuja damu kwenye koti. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mimi simjui baba yangu. Hilo ndilo jambo pekee ninalolijua juu yake. Mngeniachia." Akateremka ngazi. Ariane alitaka kumfuata, nikamshika mkono. Mimi ni mjomba wake.

Sikuongeza hata neno, Vestine. Hadithi ni yako. Uliniambia nikipenda niitumie, nami niliipenda. Mchungaji ametangaza kwamba posa imefutwa. Ariane haongei siku hizi, lakini anashona vizuri sana.

Kaka yako,
Gervais

Mundaka, 9 Oktoba 2011

Gervais,

Leo sina salamu.

Ulijua. Umekaa Johannesburg miaka kumi, umesikia kila Jumapili mahubiri ya nyoka wa mtoni, unajua kila mama kwenye viti vile vya plastiki anaota nini akila vibaya. Mimi ndiye niliyesahau. Niliona kitu kizuri huku nikakupa, nawe ukakigeuza ukampiga nacho mtoto wa watu mbele ya mama yake. Na ukaniandikia kwa upole. Ile barua ya Julai ndiyo inayonitapisha, ile chai.

Nililia jikoni mpaka bibi akaacha kunitukana, akaniuliza nani kafa.

Hukumwogopa baba yake Didier hata siku moja. Unaogopa giza. Macho yanakufa, umeona heri mwanangu azeeke kwenye kile kiti akikutafutia tundu la sindano kuliko useme neno moja la kawaida: dada, sioni. Ungesema, tungetafuta dawa. Ungesema, Ariane mwenyewe angekuja kila Jumamosi. Nakuchukia, na naandika nikiwa nimetulia.

Mwachie mwanangu mkono.

Vestine

Troyeville, 15 Januari 2012

Mdogo wangu Vestine,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa bibi Edurne na mjukuu wake mwalimu. Hapa mvua zimekuwa nzuri. Jean-Claude ameoa tena, usicheke. Robot, ile taa ya barabarani ya kona yetu, imekufa tangu Krismasi na magari yanagongana mbele ya duka, kwa hiyo hatukosi cha kusikiliza.

Nadhani unajua nitakachosema. Ariane ameondoka. Ilikuwa Jumapili, mimi nikiwa kanisani. Jirani aliona kigari chekundu. Hakuchukua kitu ila nguo zake na ile shela. Mto wa sindano aliuacha mezani, sindano zote zimetiwa uzi, mweusi na mweupe kwa zamu. Nikasema moyoni, mtoto ana huruma. Nikachukua ya kwanza nikaanza kushona, uzi ukaisha. Nikachukua ya pili. Kila uzi hauzidi kidole, Vestine. Alikaa akazikata moja moja.

Nilikwenda Midrand na teksi, nikazunguka kwenye mageti nikiwauliza walinzi. Mmoja alisema Didier aliacha kazi, maneno ya kanisani yalimfikia bosi wake na wenzake walikataa kukaa naye zamu. Clémentine naye haonekani kwenye meza yake mjini. Kwenye posa siku hizi hawaniiti. Wanasema ulimi wangu unafichua mambo. Mimi, ambaye niliwafichia yote.

Sikulaumu. Inawezekana siku ile nilizidisha kidogo. Kama unajua alipo, mwambie tu kwamba kuna gauni la harusi la watu halijaisha, na mwenyewe anakuja Jumamosi. Mwambie hivyo, yeye ni mtu wa kujali kazi.

Kaka yako,
Gervais

Troyeville, 25 Machi 2012

Vestine,

Umenyamaza. Naandika nikipapasa ukingo wa karatasi ili mistari isipandane, nisamehe ikipandana.

Daktari amesema ni presha ya macho, ilianza zamani, la kushoto limekwisha. Cherehani nimeiuza. Sitaki Ariane arudi kushona. Nataka aje akae nami hata siku mbili, anisomee, aniambie nani kapita barabarani. Mwambie mjomba wake anaumwa. Baba kafa, mama kafa, ndugu zetu wote unajua walikoishia. Mimi ndiye niliyebaki kwako, na wewe ndiye uliyebaki kwangu.

Gervais

Mundaka, 17 Juni 2012

Kaka Gervais,

Nakusalimu. Nimeandika kwa herufi kubwa na kalamu nyeusi, jicho la kulia likusaidie uisome mwenyewe, maana hii haifai usomewe na mtu. Bibi Edurne alikufa mwezi uliopita, katikati ya tusi, sikuwahi kujua lilikuwa linaishia wapi. Familia yake imenitafutia karatasi na kazi kwa rafiki yao. Sirudi. Uliniuliza mara nyingi, nimeona nikujibu.

Barua zako zote mbili zilinifika. Nilikuwa nangoja jambo likamilike ndipo niandike.

Ariane yuko Durban na Didier, na Clémentine yuko nao. Didier amepata kazi bandarini. Wiki mbili zilizopita Ariane aliposwa, mbele ya watu, kwa heshima, kama nilivyotaka tangu mwanzo. Mimi nilikuwapo kwa simu, waliiweka mezani katikati ya soda, nikasikia hadi vijiko. Upande wa kijana alisema mzee mmoja wa Kigoma, Jumbe, mtu mpole, hana maneno mengi. Wakamuuliza swali lile, kijana katoka wapi.

Jumbe akasema, huyu hatujui aliyemzaa, tunajua aliyemfia. Akasema mwaka wa 1993 watu walipokuwa wakivuka Ruzizi, kijana mmoja Mrundi aliyekwisha kufika ng'ambo salama aliona kitoto kimebaki upande wa pili, akarudi ndani ya maji. Akakileta begani, akakiweka mikononi mwa mama wa Kikongo, akarudi kuwachukua wengine, na maji hayakumrudisha. Kijana huyo, akasema, alikuwa kaka wa mama wa bibi harusi. Kwa hiyo hamjaletewa mgeni. Mmeletewa mtoto ambaye mjomba wenu alimnunua kwa uhai wake, anarudi nyumbani.

Wakamuuliza Clémentine kama ni kweli. Hakupepesa. Akasema, "Nilimpokea kwa mikono yangu. Yule kaka alikuwa anatetemeka, hata jina sikumuuliza." Kisha wakasogeza simu wakaniuliza mimi. Nikawaambia alikuwa kaka yangu wa pekee, na aliitwa Gervais.

Tuliitunga pamoja, mimi na Clémentine, mwezi mzima kwa simu. Ariane alisikia kabla na akakubali. Mimi na wewe tunajua ulivuka Ruzizi juu ya lori, umelala kwenye magunia ya pamba. Lakini hakuna mwingine aliyebaki wa kulijua hilo.

Walisimama wote, Gervais. Watu wa Durban ambao hujawahi kuwaona walisimama kukukumbuka, nami nikawa nasikiliza ukimya wao kwenye simu. Ariane alilia kweli, si kwa ajili ya watu. Nadhani amekuwa akitafuta njia ya kukupenda tena na sasa ameipata. Ana mimba. Akizaa wa kiume wamekubaliana aitwe Gervais.

Kwa hiyo usiende Durban. Usitume mtu, usiulize kanisani, na mtu akikuambia amesikia habari ya jina kama lako, sema ni mwingine. Siku utakayotokea, Didier anarudi kuwa mtoto wa nyoka, na mjukuu wangu anazaliwa bila kwao. Huwezi kuwafanyia hivyo mara ya pili. Kila mwezi nitakutumia dawa ya macho kupitia posta ileile, bila barua ndani. Mimi huku nimevaa nyeusi, mwenye nyumba mpya aliniuliza, nikamwambia nimefiwa na kaka.

Vestine